Kwenu Mbali Siku Hizi

Mtakwimu wa jiji alikuwa akiwatazama watu elfu sita wakivuka barabara, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na uso. Kamera ya kwenye taa ilikuwa imezifuta sura zote, ikabakiza miguu na mwendo. Kazi yake ilikuwa kujua kila mmoja alitumia sekunde ngapi kufika ng'ambo.

Mwaka uliopita alipunguza muda wa waenda kwa miguu, kwenye taa zote za barabara kuu, kutoka sekunde ishirini na nne hadi kumi na nne. Foleni za mabasi zikapungua, mkurugenzi akampigia makofi mbele ya watu, na wenzake wakambandika jina la Sekunde. Sasa mkurugenzi alitaka nyingine tatu. Mkubwa ukimwonjesha, hurudi na sahani.

Macho yalimwuma. Alikuwa amechambua picha za miezi sita ya karibuni, na jibu lilikuwa lile lile: watu wote walifika ng'ambo kabla taa haijageuka. Kompyuta iliwagawa kwa mwendo katika mafungu manne. Fungu la mwisho, la waendao polepole, lilikuwa tupu. Akalifuta ili jedwali lisionekane lina pengo, akaandika kwamba sekunde kumi na moja zinatosha, akatuma. Ilikuwa Ijumaa, saa kumi jioni, na hakuwa na haraka ya kuondoka.

Kama kazi ndiyo ingekuwa uchovu wake wote, angeshukuru. Uchovu wenyewe ulikuwa ukimsubiri nyumbani.

Baba mkwe wake, tarishi mstaafu aliyeutembea mji huo kwa miguu miaka thelathini, alikuwa na mazoea ya kuja kwao kila jioni kumwona binti yake. Hakukuwa mbali, dakika tano tu. Jioni moja, karibu mwaka sasa, mtakwimu akateleza. Alimwambia mzee, huku akicheka, kwamba mashine za jiji hukosea lakini yeye mzee hajawahi kukosea saa ya chakula. Mzee naye akacheka, akanawa mikono, akala. Haikupita wiki, akaacha kuja kabisa.

Mkwe hataniwi, hilo hata mtoto analijua. Mke wake alimkumbusha kwanza kwa maneno, kisha kwa kununa, kisha kwa kunyamaza, na huko kunyamaza ndiko kulikomchosha mpaka mifupani. Kila Jumapili mke alikwenda kwa baba yake kumsihi aje, na kila Jumapili mzee alimpa jibu moja: "Kwenu mbali siku hizi, mwanangu."

Mbali, dakika tano? Fumbo mfumbie mjinga. Mke wake alilielewa siku ile ile.

Sasa alikuwa na mimba ya miezi sita, ya kwanza baada ya miaka minane ya kusubiri. Ijumaa hiyo mtakwimu alimkuta chumbani akikunja nguo na kuzipanga kwenye sanduku.

"Keshokutwa nahamia kwa baba," alisema, bila hasira hata kidogo. "Nyumba asiyoingia baba yangu, mwanangu hataingia."

Mtakwimu hakulala vizuri. Angemlilia nani, na maneno yalitoka kinywani mwake mwenyewe? Jumamosi asubuhi akavaa shati lake la heshima, akanunua kilo mbili za sukari, akaenda kuomba radhi. Kwenye barabara kuu alivuka mbio mbio pamoja na wengine, mfuko ukimgonga gotini, huku akijitungia la kusema. Ulimi hauna mfupa, lakini wake ulikuwa mzito asubuhi hiyo.

Mzee alimfungulia mlango akiwa ameegemea mkongojo. Alipokea sukari, akashukuru, akamwonyesha kiti cha dirishani. Mtakwimu hakukaa kitini. Alikaa sakafuni, akakiri yote: mzaha wake, aibu yake, mke asiyecheka tena, sanduku lililokwisha kufungwa.

Mzee alimsikiliza hadi mwisho, uso umejaa mshangao.

"Maneno gani hayo? Mimi siyakumbuki. Na kama uliyasema, ulisema kweli, nilikuwa nakiwahi chakula."

"Sasa mbona huji, baba?"

Kwanza mzee alimwomba asimwambie binti yake, kwa sababu mtu aliyekuwa tarishi ana aibu zake, na hangependa kushikwa mkono barabarani kama mtoto. Kisha akaelekeza mkongojo dirishani, kule chini kwenye taa, ambako watu walikuwa wakivuka kwa kukimbia.

"Nilijaribu siku tatu. Nikifika katikati taa inageuka, magari yanakuja. Siku ya tatu nikaanguka, nikarudi kwa kutambaa. Sijavuka tena. Jirani yangu wa chini naye kaacha, na yule mama wa kona pia."

Mtakwimu alitazama dirishani. Mzee akamshika mkono, akamwinua polepole kutoka sakafuni, akamketisha kitini.

"Wewe uko huko huko jijini, mwanangu," alimwambia kwa upole. "Nitafutie aliyelifanya jambo hili. Sitaki ugomvi naye. Nataka kumwuliza tu kama kwao hakuna wazee."