Mama Asiye na Uso

"Umemfuta mama yako uso," Wembe alisema, hata hajaketi.

Jina hilo alipewa na wanafunzi wake, maana kalamu yake ilishawanyoa wachoraji wengi bila maji. Leo zamu ilikuwa ya binti yake wa kumzaa. Ukumbi wa maonyesho ulikuwa umekubali kuitundika picha ya marehemu mama kwa sharti moja: mhakiki huyu aandike neno zuri juu yake. Binti aliichora mwaka mzima, na neno hilo la baba alilitaka kuliko hata maonyesho yenyewe.

Angesubiri sana. Wembe alijishika kiuno mbele ya turubai kama mwenye nyumba aliyekuja kumfukuza mpangaji.

"Tuanze na mistari. Fremu ya mlango inajikunja kama nyoka. Vigae vya sakafu vinaogelea. Usurealisti! Hizi picha za ndoto wenzako walishazichora wakazichoka kabla hujazaliwa."

"Mlango umepinda, baba?"

"Unaniuliza mimi? Mchoraji nani hapa?"

Akaendelea kumwaga sumu. Rangi zilikuwa zimepauka, alisema, kama shati la shule lililofuliwa likasahaulika juani. Kivuli hakina mwanzo wala mwisho.

"Halafu hapa katikati, mahali ambapo jicho la mtazamaji lazima litue, umebandika doa la kijivu. Mama yako hana macho, hana mdomo! Huo si ubunifu, ni uvivu. Umeshindwa kuchora uso, ukasingizia ndoto."

Maneno yalimchoma binti. Kwa mzee huyu, hata hivyo, hakuna aliyewahi kupatia. Asubuhi ile alikuwa ameshawatukana wachapaji wa gazeti kwa kutumia wino wa masizi, na chai ilipomwagika mezani, mkosaji akawa fundi aliyetengeneza kikombe.

"Kwa hiyo hutaniandikia?" binti aliuliza.

"Niandike uongo kwa sababu u mwanangu? Mimi naandika ninachokiona."

Binti alifuta machozi kwa kiganja, akaisogelea picha, akaikagua upya kutoka pembe hadi pembe. Fremu ya mlango ilisimama wima. Vigae vilikuwa vimenyooka, kila kimoja na mwenzake. Katikati, mama yake alikuwa anacheka, mwanya wazi, na lile kovu dogo la shavuni liko palepale alipolichora.

Hasira ikamtoka yote kwa mkupuo, na hofu ikaingia. Akamwendea baba yake, akamshika mashavu kwa mikono miwili, akamsogezea uso mpaka pua zikakaribia kugusana.

"Baba, nitazame mimi. Nalia au nacheka?"

Wembe alipepesa macho.

"Washa taa kwanza," alisema, na jua la mchana limejaa chumba kizima.