Kipimo cha Bi Mwanaisha

Tangu kila jiko mjini lianze kupakua chakula kwa kipimo cha serikali, Bi Mwanaisha hakuonja hata ukoko wa ziada. Jiko lilimpunguzia kila wiki ili akonde, lakini wiki ya tisa mizani ilisema yaleyale: kilo themanini na moja.

“Mama, nani anakulisha kwa siri?” mkaguzi wa serikali aliyekuja kumpima aliuliza.

“Nani wa kunilisha, mwanangu? Hata mate nayameza kwa hofu.”

Somoe, bintiye, alijikaza kusema. “Mwili wake umejifunza kubana kidogo unachopata. Anatetemeka kwa baridi saa sita mchana. Akipanda ngazi mbili anaketi.”

“Dada, hesabu haikosei. Watu ndio wanaokosea.” Mkaguzi akabonyeza kitufe cha jiko, kipimo cha mama kikashuka tena.

Alipoondoka, jiko lilitoa nusu chapati ya mama na sahani ya Somoe iliyojaa wali. Somoe alimega tonge, akamsogezea mama mdomoni kama anayemlisha mtoto.

Mama aligeuza uso. “Kula wewe. Nikilionja hilo tu, watakuwa wamesema kweli.”

Somoe akala mwenyewe, tonge kwa tonge, kwa kuwa sahani yake nayo ilikuwa ikihesabu kila kinachobaki.