Maji ya Agot

Agot alimaliza jagi la maji, akalipindua mezani ili darasa zima lione ni tupu. Kisha wote wakasubiri mkojo.

Ndivyo fiziolojia ilivyofundishwa katika chuo kile cha matabibu, Lodwar, mwaka 1996. Unakunywa maji hadi tumbo linakaza, halafu unakojoa kwenye chupa ya kupimia, mwalimu aone figo zinavyofanya kazi. Wenzake walijaza chupa zao. Agot alirudi na mkojo wa vijiko vichache tu, mweusi.

"Hii nini, chai ya rangi?" akauliza Mwalimu Lopeyok. Darasa likaangua kicheko. "Nyinyi wakimbizi wa Kakuma nawajua. Mkiona maji, mnaficha. Umemwaga kwa jerikeni yako?"

Kweli, chini ya kitanda chake bwenini kulikuwa na jerikeni. Aliyepanga foleni ya bomba kambini haachi jerikeni yake.

"Alikunywa, Mwalimu," akasema Abei, rafiki yake, msichana wa Nawoitorong, hapo hapo Lodwar. "Mimi niliona."

"Basi maji yameenda wapi?"

Abei akainamia kitabu chake. Alikuwa amekariri sura nzima ya figo kwa Kiingereza, nukta kwa nukta, na jibu hakuliona humo. Ah, elimu hii ya kumeza kama vidonge!

Agot akaambiwa arudie jaribio wiki ijayo. Akishindwa, wafadhili wanakata karo, anarudi kambini.

Wiki hiyo aliamka kila asubuhi macho yamevimba, wasichana wakasema analia mno. Viatu vikakataa kuingia, Abei akamwazima patipati zake nyekundu.

"Umenenepa, dada," akamtania. "Chakula ya chuo imekukubali."

Agot akacheka kidogo. Chakula chenyewe hakikumshuka.

Siku ya jaribio akanywa jagi lote. Chupa ikarudi karibu tupu.

"Mwongo wewe, na maji ya chuo umeiba," akasema Lopeyok. Lori la jioni likambeba Agot hadi Kakuma. Abei alitaka kumsindikiza, lakini kesho yake palikuwa na mtihani wa figo, akabaki akikariri. Aliupita vizuri sana.

Muhula uliofuata Lopeyok aliwapeleka wodini, Kakuma. Akasimama kwenye kitanda cha mwisho, mbele ya mgonjwa aliyevimba hata macho hayafunguki.

"Figo zimekufa. Ameletwa akiwa amechelewa," akasema, akitikisa kichwa kwa uchungu. "Watu hawa! Haya, dalili gani hata mwanafunzi mpya angeiona?"

"Anakunywa maji, hakojoi!" darasa likaitikia kwa pamoja.

"Safi kabisa."

Abei hakuitikia. Alikuwa akitazama chini ya kitanda, kwenye patipati nyekundu.

"Ejok, Mwalimu," mgonjwa akanong'ona, akimwamkia kwa Kiturkana. "Sasa umeona maji yalienda wapi?"