Nundu ya Shimo la Saba

Katapila lilikuwa limeshawashwa. Mama alisimama mbele yake, mikono kiunoni, viatu vimelowa umande, akakataa kusogea.

"Tafadhali, mama," msanifu wa uwanja wa gofu alimwambia. "Utaumia."

"Acha niumie. Nundu hii haiguswi."

Nundu yenyewe ilikuwa katikati ya nyasi fupi za shimo la saba, imetuna kama ya fahali. Wacheza gofu walitoka mbali kuja kupiga nayo picha. Msanifu, mgeni aliyeajiriwa juzijuzi kuufanya uwanja uwe wa kisasa, aliziona hizo ni sifa za bure.

"Mmoja anapiga vizuri, mpira unagonga nundu, unapotea. Mwingine anaboronga, unaingia. Huo si mchezo, mama. Ni bahati nasibu."

"Ni bahati kwa asiyejua! Mume wangu alinifundisha hapa hapa, tukiwa wachumba. Unaligeuzia shimo mgongo, unapiga..." Alikwisha kuwapigia simu wakubwa wa klabu, akawalilia. Wote walimpa pole, na pole haizuii katapila. Alibakiwa na karata moja tu: huyu mtaalamu ajionee mwenyewe, pengine atawashauri waiache.

Akamgeukia mzee aliyekuwa kando akitazama mawingu. "Mzee wangu, hebu mwonyeshe."

"Mimi, dada?" Mzee alitabasamu, akapokea fimbo. Mikono iliyokuwa ikitetemeka ikatulia. Aliligeuzia shimo mgongo, akapiga. Mpira ukapanda nundu, ukasita kileleni, ukageuka taratibu na kuteremka hadi shimoni.

"Bahati," msanifu alisema, lakini kwa sauti ya chini.

Mzee akarudia. Ukaingia tena.

Msanifu alivua kofia. "Nakubali, inastahili sifa zake. Ningeyaona haya mapema, nisingependekeza isawazishwe. Lakini wakubwa wameshapitisha, mama. Maji yakimwagika hayazoleki."

Walinzi wakamshika mama kwa heshima, wakamweka kando. Katapila likauma udongo. Alilia kwa sauti, wala hakujali nani anamtazama, maana hakuwa tena na mlango wa kubisha.

"Usilie, dada," mzee alimbembeleza. "Mumeo yuko wapi, akupeleke nyumbani?"

Mama alimshika mkono, akamwongoza hadi kwenye gari, akamkalisha kiti cha abiria. Akamfunga mkanda, kisha vifungo vya shati alivyokuwa amevisahau.

"Twende nyumbani, mume wangu."

Mzee aliuondoa mkono wa mama polepole, kwa adabu.

"Samahani, dada. Mimi nina mke. Ananisubiri pale kwenye nundu."