Bweha na Neno Dawa

Bweha mmoja wa mjini alishikwa na upele hadi mkia wake ukabaki kama kamba. Siku moja, akijikuna nyuma ya hoteli, alimsikia mpishi akisema, "Panya wote nimewawekea dawa."

Bweha akafurahi. Kumbe binadamu huwatibu hata panya. Punde Panya akapita akipepesuka, na Bweha akamkanyaga mgongoni, akiwaza kwamba akimla huyu ataipata na dawa iliyo tumboni mwake.

Paka wa hotelini akamwita kutoka ukutani. "Wewe mkuna mbavu, mwache huyo. Amekula dawa."

"Ndiyo maana namtaka. Nami naumwa."

"Dawa hiyo inaua, bwana."

"Dawa, inaua?"

"Mtazame mwenyewe."

Bweha akatazama. Panya alikwisha kufa chini ya mguu wake. Akauondoa mguu, akarudi nyuma. "Ahsante, Paka. Umeniokoa. Sasa nimejua dawa ni nini."

Kesho yake bwana mifugo alikuja, akaweka kipande cha nyama mbele ya bomba bovu alimolala Bweha. "Kula, maskini," akasema kwa upole. "Nimekutilia dawa ya upele."

Nyama ilinukia. Bweha akaisogelea, akameza mate, akamtazama yule mtu, asielewe amemkosea nini mwenye sauti nzuri hivi. Kisha akarudi bombani na njaa yake, akaendelea kujikuna.