Pangaboi Lisilo na Mkwaruzo

Mke wa Fuko alimmiminia mumewe uji, kisha akaketi kupumzika, kana kwamba amepanda mlima.

"Tangu mvua izibe matundu, hewa ya humu shimoni imekuwa nzito. Nifungie hilo pangaboi lako, Profesa wangu."

Fuko alikuwa akiling'arisha kwa nta. Alilibuni ili lishushe hewa mashimoni, na siku hiyo chuo kikuu cha wanyama kilikuwa kinatoa tuzo ya uvumbuzi. "Likichafuka je? Vumilia, mke wangu, majaji walione kwanza."

"Haya, basi nitapepewa na majaji," akasema, akacheka mpaka akakohoa.

Huko chuoni, jaji Korongo aliligeuza huku na huku. "Tuzo hii ni ya kitu kilichokwisha kumfaa mnyama. Hili limemfaa nani?"

"Bado, mheshimiwa. Nilitaka lifike kwenu bila mkwaruzo."

"Basi twende tukalifunge kwako. Likivuma, umeshinda."

Fuko akawatangulia mbio, akaita mlangoni. Hakuitikiwa. Mkewe alikuwa amelala kando ya sufuria ya uji, hewa imemwishia.

Majaji waliondoka.

Asubuhi yake Fuko alilishusha pangaboi chumbani kwa mkewe, akalifunga, akaketi peke yake kwenye upepo.