Mkono wa Kushoto

Bi Mashavu alijifunza dansi ya baleti akiwa nje ya ukumbi, ameshika nondo za dirisha, akiiga kila alichokiona ndani. Siku alipojipa moyo akaingia, alipewa nafasi ya mbele kabisa. Aliunganisha visigino, akaelekeza vidole nje, sawasawa. Ila bomba la ukutani la kujishikizia alilishika kwa mkono wa kulia. Wenzake wote walishika kwa kushoto, na sasa walikuwa wakitazamana naye.

Binti aliyemfuata kwenye mstari alishtuka kukutana na uso wa mtu mzima. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu." Sauti ilimtoka kwa mikwaruzo. Hakuwa ameitumia tangu juzi.

"Bibi, geuka," mwalimu alimwambia kwa upole. "Tunashika kwa kushoto, wote tunatazama mbele."

Aligeuka. Mbele yake palikuwa na ukuta mweupe. Akakunja magoti, akanyooka, akakunja tena.

"Vizuri. Pumueni, halafu turudie. Mkono wa kushoto!"

Bi Mashavu alisikia vizuri kabisa. Akashika bomba kwa kulia, akaunganisha visigino, akamtazama yule binti, akasubiri kusemeshwa.